Kuiona Afrigo laivu kwa mara ya kwanza: nisikilize nini, nisimame wapi?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Arua. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, nimekulia kambini, na kanda za Afrigo Band, bendi ya dansi ya Kampala, ndizo zilizonilea. Nyimbo zao nyingi nimezihifadhi kichwani hata kama Kiganda changu ni cha kubahatisha. Mwezi ujao nakwenda Kampala pamoja na baba, na kwa mara ya kwanza tutaiona bendi jukwaani. Rafiki yangu mmoja, shabiki wa Grateful Dead ya Marekani, anasema bendi ya kweli haipigi wimbo mara mbili kwa namna moja. Je, na Afrigo ni hivyo, au tutasikia nyimbo zilezile za kwenye kanda ila kwa sauti kubwa zaidi? Na nifanye nini usiku huo usinipite?

JIBU: Mwanangu, hutasikia kanda. Nyimbo utazitambua mara tu saksafoni inapofungua, na utaimba nao kama ulivyozoea. Lakini beti zikishakwisha na kiitikio kikishazunguka, bendi itafika mahali ambapo kanda yako hufifia na kunyamaza. Jukwaani hakuna anayefifisha. Wanamuziki wataendelea, na kuanzia hapo hata wao hawajui wimbo utaishia wapi. Hapo ndipo pa kuwa macho. Nimekaa miaka mingi nyuma ya miksa nikiwa fundi wa sauti wa bendi hapa Kampala, na naona wageni wengi wanavyokosea hapo hapo: wakishausikia wimbo walioungoja, wanageukiana kuongea, wanakwenda kuagiza soda, na ile sehemu inayotungwa mbele ya macho yao inawapita.

Rafiki yako hajakudanganya. Grateful Dead walianza California mwaka 1965 na wakaendelea mpaka kifo cha mpiga gitaa wao, Jerry Garcia, Agosti 1995. Katika miaka hiyo 30 walipiga maonyesho zaidi ya 2,300, na orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku. Wimbo wa dakika chache kwenye santuri uliweza kurefuka mara kadhaa jukwaani na kuzaa wimbo mwingine bila bendi kusimama. Ndiyo maana watu waliwafuata mji hadi mji. Bendi iliwaruhusu mashabiki kurekodi, na mwaka 1984 ikawatengea wenye vinasa sauti eneo lao maalumu, nyuma ya meza ya fundi wa mitambo.

Kuna tukio lao moja ninalolipenda mno, nalo lilitokea Afrika. Septemba 1978 walikwenda kupiga Misri, huko Giza penye mapiramidi, na pamoja nao alikuwepo Hamza El Din, mwanamuziki wa Kinubi. Hamza na wenzake walifungua kwa kuimba na kupiga makofi. Kisha Wamarekani wakaingia mmoja mmoja, kila mtu akitafuta pa kuweka sauti yake bila kuvuruga yale makofi, mpaka wimbo wa Wanubi ukageuka kuwa wimbo wa bendi. Hakuna aliyehesabu moja-mbili-tatu. Ukiielewa namna hiyo ya kuingia, umeshaelewa nusu ya kinachofanyika katika bendi yoyote nzuri ya dansi, iwe ya Kinshasa, Dar es Salaam au Kampala.

Ila kwetu kuna tofauti moja kubwa, na ni vizuri uende ukiijua. Bendi kama Grateful Dead huweza kuuacha mdundo wenyewe ukapotea, gitaa likazurura, watu wakasubiri lirudi. Bendi ya dansi haina ruhusa hiyo. Mbele yake kuna watu wamesimama wawili wawili, wanacheza, na mguu ukishakosa pa kukanyaga wanarudi kuketi. Uhuru wake kwa hiyo uko kwingine: uko katika urefu, yaani sehemu moja irudiwe mpaka lini, na uko katika nani aingie, nani akae kimya, na lini mpiga solo, yaani wa gitaa linaloongoza, abadilishe kile anachokirudia. Mwenye sikio la haraka anaweza kudhani wanarudia kitu kilekile. Kaa nao kidogo utagundua kwamba gitaa la rizim, lile linalojibu solo, limeshahama, ngoma imeongeza pigo moja mahali ambapo halikuwepo, na besi imeacha pengo kusudi.

Wakongo wanaiita sehemu hiyo sebene, na ndugu zetu wa Tanzania, mashabiki wa bendi za Msondo na Sikinde, wanaiita chemko. Wimbo huanza polepole, mwimbaji akatoa kisa chake, halafu mambo yanageuka: mwendo unakaza, waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanakuja mbele. Franco na OK Jazz, bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956, waliijenga sana. Mwaka 1969 vijana wa Zaiko Langa Langa wakaja bila saksafoni wala tarumbeta, wakaitegemea ngoma na magitaa, na sebene ikawa ndefu na kali zaidi. Kampala haikuwa mbali na mambo hayo. Wanamuziki wengi wa Kongo walipita hapa wakielekea mashariki: Samba Mapangala alikuwa hapa na kundi la Les Kinois kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977, na Mzee Makassy naye alipiga Kampala kabla bendi yake haijapata umaarufu Dar es Salaam. Kwa hiyo masikio ya wacheza dansi wa Kampala yalifunzwa na bendi hizo, na wanamuziki wa hapa walizisikia kwa karibu.

Sasa, kwa nini wewe umelelewa na nusu ya muziki huo tu? Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Santuri ndogo ya zamani ilibeba dakika nne au tano kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa, na redioni mtangazaji mwenye ratiba iliyobana hakuwa na muda wa kugeuza. Kanda zilipokuja zikabeba zaidi, lakini desturi ya kufifisha wimbo ilibaki, kwa kuwa gharama za studio hulipwa kwa saa na kila albamu inataka nyimbo kadhaa. Ukumbini hakuna upande wa pili wa kugeuza. Unapewa vyote kwa pamoja.

Kuhusu Afrigo wenyewe, unakwenda kuona bendi ya aina adimu. Moses Matovu na wenzake waliiunda mwaka 1975, baadhi yao wakiwa wametoka Cranes Band, na mwaka 2025 ilitimiza miaka 50. Ilizaliwa wakati wa Amin, ikapita katika vita vya 1979, ikapita tena katika vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, na haikuvunjika. Baba yako, kwa kuwa alivaa gwanda, atakueleza vizuri kuliko mimi maana ya kukusanya watu wakapige muziki katika miaka ile. Matovu huimba na hupiga saksafoni. Joanita Kawalya ni mmoja wa sauti zilizoitambulisha bendi kwa kizazi changu na chako, na ni sauti ninayoomba Mungu uisikie kwa masikio yako, kwa sababu hakuna spika ya redio ya kambini iliyowahi kuitendea haki. Rachel Magoola, aliyetoka na "Obangaina" kwa Kisoga, alikwenda baadaye akafanya kazi yake mwenyewe, na mwaka 2021 akachaguliwa kuingia Bungeni.

Umri huo wa bendi una maana kwa msikilizaji. Watu waliopiga pamoja muda mrefu hawahitaji kuambiana kitu kwa mdomo. Angalia macho yao. Anayeongoza akitaka kugeuza, mara nyingi hufanya jambo dogo sana: anauinua mdomo wa saksafoni juu kidogo ya kawaida, au anageuza bega kumwelekea mpiga drums. Mpiga drums anajibu kwa mapigo machache ya haraka kwenye ngoma ndogo, besi inashikilia noti moja badala ya kutembea, na sekunde mbili baadaye bendi nzima imehamia sehemu mpya kwa pamoja. Ukiutazama mkono wa kushoto wa mpiga besi utaijua ishara kabla hujaisikia. Hilo halipo kwenye kanda yoyote.

Niliwahi kulishuhudia likijaribiwa vibaya. Ilikuwa baa moja hapa mjini, bendi nyingine kabisa, na sebene ilikuwa imekolea umeme ulipokatika. Magitaa, besi, maikrofoni, vyote kimya kwa mpigo mmoja, na taa zote zimezimika. Zilizobaki ni drums, tumba, na saksafoni mbili. Hawakusimama. Wa saksafoni alichukua ile tuni iliyokuwa ikipigwa na solo, mwenzake akachukua jibu la rizim, na wachezaji wakaendelea kucheza gizani wakipiga makofi. Jenereta lilipowaka, mpiga solo alikuwa na gitaa lake mkononi na sauti imerudi, lakini hakugusa waya. Alisikiliza mzunguko mzima upite. Bila besi ya kuwashika, drums zilikuwa zimekimbia kidogo, na yeye alitaka kujua zimefika mwendo gani kabla ya kuingia. Kisha akaingia kwa noti tatu tu, kwa chini, akaziacha, akazirudia. Hiyo ndiyo kazi ya mwanamuziki wa bendi, mwanangu, na ndicho nakuomba ukitazame zaidi ya vidole vinavyokimbia: nani anasubiri, na anasubiri nini.

Kama hujui uanzie wapi kusikiliza, chagua chombo kimoja kwa kila wimbo. Usianze na solo, lenyewe litakutafuta. Anza na besi. Wimbo unaofuata, sikiliza rizim peke yake. Ukisikia mguu wako unababaika, jaribu kuhesabu tatu badala ya nne, kwa sababu bendi za hapa haziishii kwenye rumba, huchota pia kwenye ngoma za Kiganda kama baakisimba, na huko mapigo hukaa matatu matatu. Mgeni akiyalazimisha kuwa manne atahisi bendi imepotea, kumbe aliyepotea ni yeye. Waangalie wanawake wa Kiganda waliopo ukumbini, viuno vyao vitakuhesabia.

Pa kusimama. Watu wote hukimbilia mbele kabisa, na mbele kabisa ndiko sauti ilipo mbovu. Drums na amplifaya za magitaa zinakupiga moja kwa moja kutoka jukwaani, ilhali sauti za waimbaji zinatoka kwenye spika kubwa ambazo zinatazama nyuma yako. Utawaona wanaimba usiwasikie. Kona na ukuta wa nyuma navyo si pazuri, kwa sababu besi hujirundika huko na kufunika kila kitu. Mahali bora ni karibu na fundi wa miksa, mbele yake au nyuma yake kidogo, kwa sababu yeye anapanga sauti kwa masikio yake pale alipokaa. Wale Wamarekani wenye vinasa sauti walilijua hilo. Basi nusu ya kwanza ya usiku kaa hapo. Bendi ikishapamba moto, sogea ubavuni mwa jukwaa, upande unaokuonyesha mkono wa mpiga besi na mpiga drums kwa pamoja, ukubali kupoteza sauti kidogo ili uzione zile ishara.

Baba yako mtafutie kiti katikati, mbali na spika, na hili nalisema kwa uzito. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vyake vya kumbi za burudani mwaka 2022, lilitaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Katika kanuni za usalama kazini, desibeli 85 huvumiliwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo zikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Bendi hupiga saa nyingi. Kama mzee alilenga shabaha miaka mingi bila kinga ya masikio, huenda masikio yake yameshachoka, na makelele ya usiku mmoja yanaweza kumwachia mlio wa siku kadhaa. Nunueni vizibo vya sponji duka la dawa. Pamba haitoshi. Vizibo vitapunguza zaidi sauti nyembamba kuliko nzito, lakini muziki bado utakuwa muziki, na atarudi Arua akiwa anasikia.

Kiganda chako cha kubahatisha kinatosha. Nyimbo nyingi za dansi ni mapenzi, wivu, na lawama za nyumbani, na ukikaa karibu na Waganda utajua mstari mtamu ni upi kwa namna wanavyocheka au kuinua mikono. Muulize jirani. Mtu wa Kampala akiulizwa maana ya wimbo anaoupenda ataacha sahani yake ya muchomo, nyama choma, akueleze mpaka mwisho.

Simu: rekodi wimbo mmoja, wa ukumbusho, kisha itie mfukoni. Maikrofoni ya simu inazidiwa na besi, na ile mitambo yake ya kujirekebisha inabana sauti kila drums zinapopiga, kwa hiyo utakachopata ni mngurumo. Kumbukumbu yako itakuwa na sauti bora.

Mengine ni ya safari. Kutoka Arua kupitia Pakwach na Karuma ni karibu kilomita 500, msifike siku ileile mkaingia ukumbini na vumbi la njiani, mzee atasinzia bendi ikianza kunoga. Fikeni jana yake, mlale mchana wa siku yenyewe. Kwa miaka mingi Club Obbligato ndiyo ilikuwa nyumbani kwa Afrigo hapa Kampala, lakini bendi hukodiwa sana kwenye harusi na sherehe za makampuni, basi ulizeni kwanza kama watakuwepo wikiendi hiyo na watapigia wapi. Hakikisheni pia tangazo linasema bendi laivu, maana siku hizi kuna maonyesho mengi ambapo msanii anaimba juu ya CD, na kwa hayo hamna haja ya kutoka Arua. Ingieni mapema hata kama jukwaa bado ni tupu. Bendi nyingi hapa hufungua kwa kopi, nyimbo za watu wengine, waimbaji wakubwa wakiwa bado hawajapanda. Wenyeji huidharau saa hiyo. Mimi naipenda, kwa sababu ndipo wapigaji wanapojipasha na kujaribu vitu ambavyo hawangethubutu ukumbi ukishajaa, na meza nzuri bado zipo.

Mkipenda kumtunza mwimbaji, fanyeni hivyo wakati wa sebene, si katikati ya beti. Panda taratibu, weka noti mkononi mwake au mbele yake, mtazame, shuka. Wapigaji huwa hawatunzwi, na mimi ningefurahi sana kumwona mzee mstaafu kutoka Arua akimpelekea mpiga besi shilingi zake. Na ule wimbo wa kambini ambao baba anautaka zaidi, msiupigie kelele kutoka mezani. Andikeni jina lake kwenye kikaratasi, pamoja na jina la baba na mlikotoka, mkampe fundi wa miksa au mhudumu aufikishe jukwaani bendi inapopumzika. Kama wapo tayari wataupiga baada ya mapumziko, na yaelekea watalitaja jina la mzee kwenye maikrofoni kabla ya kuanza, kwa hiyo mwambie mapema asije akashtuka.